Neno Refu na Kitufe Kifupi: Tahakiki ya Maandishi ya Kiswahili Katika Programu

Katika jitihada za kukikuza Kiswahili ili kikidhi haja za sayansi na ufundi, sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kuuliza swali moja: je, neno tulilolipata laeleza dhana barabara? Swali hilo ni la haki, na bila ya hilo kazi yetu isingekuwa na maana. Lakini liko swali la pili ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ni hili: neno hilo litaandikwa wapi, na mahali hapo pana upana gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika vitufe vya programu za kompyuta na simu swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na kwamba kulipuuza kwaweza kumtia mwananchi hasara ya fedha na kumvunjia heshima mbele ya wenziwe.

Tukio la Daraja Mbili

Jambo hili tulikutana nalo katika kata ya Daraja Mbili, jijini Arusha, tulikokwenda kusikiliza namna watu wanavyoyatumia maneno ya simu na ya fedha. Hapo tulikaribishwa na kikoba cha akina mama, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi ni washonaji, wauza mboga na mama lishe. Kikundi hicho kiliacha daftari na kuanza kuweka hesabu zake katika programu ya simu iliyotungwa na kijana mmoja wa mtaani. Programu yenyewe ni ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo lilitufurahisha sana.

Katika ukurasa wa mwanachama mna vitufe viwili vilivyopangwa bega kwa bega. Cha kwanza kiliandikwa na mtungaji wake Lipia Mwanachama, maana yake kikundi kimtolee mwanachama fedha kutoka mfuko wa jamii, mathalani anapofiwa. Cha pili kiliandikwa Lipisha Mwanachama, maana yake mwanachama atozwe, mathalani faini ya kuchelewa. Maneno hayo ni sahihi, tena ni mazuri. Lakini simu ya mhazini ni ndogo, na herufi zake amezikuza kwa sababu ya macho. Kwenye kioo cha simu hiyo vitufe vyote viwili vilisomeka hivi: Lipi…

Mhazini alijifunza kuvitofautisha kwa mahali: cha kushoto ni cha kutoa, cha kulia ni cha kutoza. Siku moja kijana alileta toleo jipya la programu, na katika kupanga upya ukurasa akavibadilishia vitufe nafasi. Juma hilo hilo mwanachama mmoja alifiwa na mumewe. Kikundi kilikubaliana alipiwe shilingi 30,000 kutoka mfuko wa jamii. Mhazini alibonyeza kitufe cha kushoto kama alivyozoea. Mkutano uliofuata, hesabu ziliposomwa, mjane akakutwa anadaiwa shilingi 30,000 badala ya kuwa amepewa. Mjane alilia, wenzake wakamtazama mhazini kwa jicho la mashaka. Ilichukua siku kadhaa kuligundua kosa na kulisahihisha.

Tulipomwamkia mhazini na kumwuliza habari hii, alituonyesha simu yake akasema: "Mwanangu, kusoma mimi najua. Niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Sasa hapa nisome nini?"

Hatukuwa na jibu. Tahakiki hii ni jaribio la kumjibu.

Mwanzo na Mwisho wa Neno la Kiswahili

Kwanza yafaa tueleze kwa nini nukta tatu zilizowekwa mahali pa herufi zilizokatwa zaweza kuleta madhara makubwa kuliko watungaji wa programu wanavyodhani.

Tuutazame mzizi -lip-. Kutokana nao twapata lipa, lipwa, lipia, lipiwa, lipika, lipisha, lipana na mengineyo. Tofauti kati ya mtoaji na mpokeaji, kati ya mdai na mdaiwa, imewekwa mwishoni mwa neno. Lipia, lipiwa, lipika na lipisha yote yakikatwa baada ya herufi ya nne huwa kitu kimoja. Kwa Kiingereza dhana mbili za kikoba kile zina vitenzi viwili visivyohusiana, kila kimoja kikianza kwa herufi yake. Hata vikikatwa, jicho bado litavitofautisha. Waliobuni nukta tatu waliufikiria mwandiko wa aina hiyo, ambamo mwanzo wa neno hubeba sehemu kubwa ya maana. Kwetu sisi mambo sivyo.

Tena kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kukatwa mwanzoni. Huko ndiko ziliko nafsi, njeo na ukanushi. Umelipa na hujalipa hutofautiana mwanzoni tu. Ukiondoa silabi tatu za kwanza katika kila kimoja, kinachobaki ni pa. Wala hakiwezi kukatwa katikati, kwani huko ndiko uliko mzizi. Kwa hiyo hakuna sehemu ya kitenzi chetu ambayo mtunga programu aweza kuitupa akasema kwamba msomaji atajaza mwenyewe. Neno Kataa likipungukiwa na herufi moja tu huwa Kata. Mtu anayetaka kulikataa deni asilolijua huona mbele yake amri ya kukata, asijue kinachokatwa ni nini.

Istilahi za Vitendo Vitatu

Katika mazungumzo yetu na watunga programu tuligundua kwamba vitendo vitatu tofauti huitwa kwa jina moja, nao ndio mwanzo wa kutoelewana. Hivyo twaona yafaa kuvitenga.

Kitendo cha kwanza ni kuyapeleka maneno ya ziada kwenye mstari wa chini pale mstari wa juu unapojaa. Wapo wanaokiita "kufunga maandishi", kwa kufuata maana ya kamusi ya neno la Kiingereza linalotumika kwa kufunga kifurushi. Huku ni kutafsiri neno badala ya kutafsiri jambo. Maandishi hayafungwi, na neno funga limekwisha kazi yake katika programu, kwani ndilo linaloamuru dirisha lifungwe. Wengine husema "kukunja maandishi". Neno hili lina picha nzuri, lakini kilichokunjwa hufichika, ilhali hapa twataka maandishi yaonekane. Mchora mabango mmoja wa Daraja Mbili, tulipomwuliza afanyaje neno lisipoenea ubaoni, alijibu bila kufikiri: "Nalishusha." Kwa maoni yetu neno hilo latosha. Maneno hushushwa, na kitendo chenyewe ni ushushaji.

Kitendo cha pili ni kuligawa neno moja katika mistari miwili. Hiki twapendekeza kiitwe kuvunja neno, kama ambavyo wengi tayari husema.

Kitendo cha tatu ni kuyaondoa maandishi yaliyozidi na kuweka nukta tatu mahali pake. Kukiita kukata kutaleta utata, kwa kuwa Kata ni amri iliyokwisha zoeleka katika programu za kuandikia. Twapendekeza kupogoa. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru wanalijua neno hili vyema: huipogoa mibuni ili izae zaidi. Tofauti ni kwamba mkulima hupogoa matawi akiacha yanayozaa, na mashine hupogoa bila kutazama lenye tunda.

Mashine Zifanyavyo

Msomaji asidhani kwamba mambo haya hutokea yenyewe, wala kwamba kompyuta haiwezi kufanya vinginevyo. Kila zana ya kutungia programu ina desturi yake, na desturi hiyo iliamuliwa na watu.

Katika zana za Swing za lugha ya Java, kitufe cha kawaida hakishushi maandishi. Yakizidi upana, huyapogoa na kuweka nukta tatu. Mtungaji anayetaka mistari miwili hana budi kuchanganya ndani ya maandishi ya kitufe alama za lugha ya kurasa za wavuti ili mstari uvunjwe. Katika zana za Tk, zinazotumiwa na wanafunzi wengi wa lugha ya Python, kitufe hushusha maandishi pale tu mtungaji anapotaja upana ambao mstari usiuzidi. Asipoutaja, maandishi hubaki mstari mmoja. Katika simu za Android kitufe hushusha maandishi chenyewe penye nafasi kati ya neno na neno, isipokuwa mtungaji ameamuru kwamba mstari uwe mmoja. Lakini neno moja likiwa refu kuliko upana wa kitufe, huenda likavunjwa popote, hata katikati ya sh au ng, bila kistari cha kumwonyesha msomaji kwamba neno linaendelea.

Hapo ndipo Kiswahili kinapopata taabu ya pekee. Kushusha hutegemea nafasi kati ya maneno, na sisi twaandika katika neno moja yale ambayo wengine huyaandika katika maneno mengi. Hawajathibitishwa ni neno moja la herufi 17. Kiingereza hutumia maneno manne au matano kwa maana hiyo, na hivyo humpa mtunga programu mahali patatu au panne pa kushushia. Sisi hatumpi hata pamoja.

Tatizo lilizidishwa na desturi ya herufi kubwa. Mtindo wa Android ulioanza mwaka 2014 uliyageuza maandishi ya vitufe kuwa herufi kubwa tupu. Mtindo wa baadaye umeiacha desturi hiyo, lakini programu nyingi zilizotungwa kwa mtindo ule bado zinatumika. Herufi kubwa hula upana zaidi, na neno lililokuwa likienea kwa shida huanza kupogolewa.

Je, Kiswahili Ni Kirefu Mno?

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa kompyuta, na kwamba ni afadhali vitufe viachwe kwa Kiingereza. Hoja hii tumeisikia hata kwa wasomi. Yafaa ipimwe kwa mifano na isipokewe kwa mazoea.

Tuzichukue amri za kila siku. Futa ina herufi 4, na mwenzake wa Kiingereza ana 6. Pakua ina 5, mwenzake ana 8. Tuma na mwenzake wana 4 kila mmoja. Funga na mwenzake wana 5. Tafuta na mwenzake wana 6. Ghairi na mwenzake wana 6 vilevile. Ni kweli kwamba Hifadhi ina herufi 7 mahali ambapo Kiingereza kina 4, na Mipangilio ina 10 mahali ambapo Kiingereza kina 8. Lakini Wajerumani kwa dhana hiyo ya mipangilio hutumia neno la herufi 13, nao hawakuacha kutumia lugha yao katika vitufe. Kampuni ya IBM iliwaonya watunga programu zamani kwamba maandishi mafupi ya Kiingereza, yasiyozidi herufi 10, yakitafsiriwa yaweza kufikia urefu wa mara mbili hadi tatu. Onyo hilo lilihusu lugha kwa jumla, si Kiswahili peke yake.

Basi amri zetu tupu si ndefu. Kinachorefuka ni vitu viwili: vitenzi vilivyokwisha nyambuliwa na kupewa viambishi, ambavyo ni maumbile ya lugha na hatuna haja ya kuvionea haya, na maelezo marefu yanayojiita istilahi, ambayo ni kosa letu.

Wapo pia wanaosema kwamba dawa ni picha, yaani badala ya maandishi kiwekwe kijichoro. Picha husaidia penye kitu. Bahasha yaweza kuonyesha barua. Lakini ni picha gani itakayoonyesha tofauti kati ya kulipia na kulipisha? Nani amchore mdaiwa hata mhazini amtambue kuwa si mdai? Wengine hupendekeza vifupisho, kama Thib. kwa thibitisha. Kifupisho humfaa anayelijua neno tayari. Mgeni wa programu hamjui Thib. ni nani.

Nguo ya kuazima haisitiri. Vitufe vingi tunavyovitumia vilikatwa kwa kipimo cha Kiingereza, kisha Kiswahili kikavishwa. Vikibana, twakilaumu kiwiliwili badala ya kumlaumu fundi. Mafundi cherehani wa Daraja Mbili hawafanyi hivyo: humpima mteja kwanza, ndipo hukata kitambaa.

Makosa Yetu Wenyewe

Ingekuwa si haki kuwalaumu watunga programu peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa lugha hii. Hizo zilikuwa hatua kubwa za kuheshimiwa. Lakini tukikumbuka mijadala ya miaka ile, tutaona kwamba nguvu nyingi zilikwenda katika kubishania jina: iwe kompyuta au tarakilishi, iwe kipanya au puku. Ni wachache waliouliza kama jina lililoshinda litaenea mahali lilipokusudiwa.

Hata leo, katika vikao vya istilahi, karatasi hujazwa safu mbili, ya Kiingereza kushoto na ya Kiswahili kulia. Karatasi haina upana wa kitufe. Juu yake kila neno huenea. Sisi wenyewe tumewahi kupitisha maneno manne kwa dhana moja, tukaridhika kwamba tumeeleza kila kitu, bila kutambua kwamba tulichopitisha ni fasili na wala si istilahi. Fasili mahali pake ni ndani ya kamusi, si juu ya kitufe.

Kosa letu la pili ni mapenzi ya nomino. Amri tunaigeuza kuwa jina la tendo, kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa rasmi. Badala ya Thibitisha malipo twaandika Uthibitishaji wa malipo. Ya kwanza ina herufi 16, ya pili 21. Zaidi ya urefu, ya pili haiamuru kitu: inamwambia mtu habari ya jambo, haimwambii afanye nini. Kitufe ni mahali pa kutenda. Kitenzi ndicho mwenyeji wake.

Kipimo Kilichomo Katika Lugha

Katika kutafuta dawa hatuna haja ya kwenda mbali. Watu wanaotumia Kiswahili wamekuwa wakiyapima maneno ili yaenee mahali maalumu kwa muda mrefu kabla ya kompyuta. Msemo wa kanga hukaa katika kisanduku chake chembamba karibu na pindo. Mshairi naye hupima kwa mizani, na mizani ni silabi. Katika shairi la kawaida la mizani 16, kila kipande cha mshororo huwa na mizani 8.

Tukiwa Arusha hatuwezi kulitaja jambo hili bila kumkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere hadi kufariki kwake mwaka 1964, na ambaye uwanja wa michezo wa jiji hili una jina lake. Kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilitoka mwaka 1954, nacho kiliziweka wazi kanuni za mizani na vina. Watu wa Daraja Mbili huutaja uwanja huo kila siku. Ni wachache labda wanaokumbuka kwamba mwenye jina alikuwa mpimaji wa maneno. Mshairi anayeifuata sheria hiyo, neno likimzidia mizani, halipogoi na kuweka nukta tatu. Hulitafutia mwenzake, au huupanga upya mshororo.

Twapendekeza kwamba maandishi ya kitufe yasizidi mizani 8, yaani kipande kimoja cha mshororo. Thibitisha malipo yana mizani 7, yamo ndani ya kipimo. Uthibitishaji wa malipo yana mizani 10, yamezidi. Mhazini wetu je? Lipisha mwanachama yana mizani 7, na Lipia mwanachama vilevile 7. Maana yake ni kwamba kijana yule aliyatunga maneno yake kwa kipimo sahihi. Lugha ilitimiza wajibu wake. Kilichopunguka ni kitufe.

Silabi hutufaa pia katika kuvunja neno. Mwaka 1983 Frank Liang, akiwa mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha namna ya kuifundisha mashine mahali pa kuvunja maneno ya Kiingereza, na mashine ilihitaji ruwaza 4,447. Kiswahili hakihitaji jeshi kama hilo. Silabi zetu, isipokuwa za m na n zinazosimama peke yake na za baadhi ya maneno ya kukopa, huishia kwa irabu. Kanuni chache zatosha, na mtoto wa darasa la pili anayesoma kwa silabi anazijua.

Mapendekezo

Kwa watunga programu twapendekeza yafuatayo:

(a) Kitufe kiachwe kikue kwa kimo. Upana wa simu una mpaka, lakini ukurasa waweza kushuka. Mistari miwili iliyo kamili ni bora kuliko mmoja uliopogolewa. Kitufe chenye amri ya fedha kisipogolewe kwa hali yoyote.

(b) Maneno yashushwe penye nafasi, na kihusishi -a kishuke pamoja na neno kinachoongozana nalo. Marejesho / ya mkopo husomeka vizuri. Marejesho ya / mkopo humwacha msomaji ananing'inia. Ipo katika Unicode nafasi isiyovunjika, ambayo huyashikamanisha maneno mawili yasitengane.

(c) Neno lisilozidi silabi nne lisivunjwe kabisa. Linalozidi livunjwe baada ya irabu, wala makundi kama mb, nd, ng, ny, ch, sh, th, dh, gh na mw yasitenganishwe. Irabu moja isiachwe peke yake mstari wa chini. Inapowezekana, neno livunjwe mahali viambishi vya mwanzo vinapokutana na mzizi: Hawaja-thibitishwa. Unicode inacho kistari kilichofichika, kinachojitokeza pale tu neno linapovunjwa. Mtungaji akiweke mwenyewe katika maneno marefu.

(d) Programu ijaribiwe kwa simu ndogo, herufi zikiwa zimekuzwa. Wanaokuza herufi aghalabu ndio wazee wanaoaminiwa kuweka fedha za wenzao.

Na kwa sisi watunga istilahi:

(a) Kila neno linalokusudiwa kwa kitufe liandikwe juu ya kitufe halisi, kikaoni, kabla ya kupitishwa. Karatasi ya safu mbili peke yake haitoshi.

(b) Amri itolewe kwa kitenzi, na nomino iachiwe kichwa cha ukurasa.

(c) Maneno mawili yanayotofautiana mwishoni tu, kama lipia na lipisha, yasiwekwe bega kwa bega ikiwa lipo neno jingine. Toza lingeweza kusimama mahali pa lipisha, nalo ni fupi, ni la siku zote, na halifanani na jirani yake.

Hilo la mwisho twakiri kwamba hatukulifikiria sisi. Tulipokuwa tukimweleza kijana habari ya mizani na kistari kilichofichika, mhazini alikuwa akisikiliza huku akipepeta mchele. Akasema: "Si aandike Toza tu? Sisi hapa twasema kutoza. Faini mtu hutozwa." Kijana alibadilisha neno hapo hapo, akaacha na kitufe kikue kwa mistari miwili. Juu ya kitufe cha kwanza tulisoma Lipia, chini yake mwanachama. Juu ya cha pili Toza, chini yake mwanachama. Mhazini aliishika simu mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akavisoma vyote viwili kwa sauti.

Wasomaji wenye mifano mingine ya maandishi yaliyopogolewa, au wenye maoni juu ya istilahi za kushusha, kuvunja na kupogoa tulizozipendekeza hapa, twawaomba watuletee ili zijadiliwe. Neno halipitishwi kwa kuwa limeandikwa katika kurasa hizi. Hupitishwa na wanaolitumia.